Re: Ndugu yangu anataka kuacha olanzapini

Dadangu, umeuliza kama nduguyo aache olanzapini, ile dawa ya kutuliza sauti anazosikia kichwani, maana sauti zishanyamaza na yeye azidi kunenepa na kulala. Tafadhali asiikate ghafla. Mimi niliacha hivyo hivyo nikijiona nishapona, wiki chache tu sauti zikarudi hadi nikashindwa kupanda feri Likoni. Hiyo njaa naijua, waamka saa nane usiku wamaliza mahamri yote ya asubuhi, na si uroho wallahi, ni dawa. Mwambieni daktari ampime uzito na sukari, aweza kumpunguzia dozi pole pole ama kumbadilishia. Mimi haloperidoli, dawa nyingine ya sauti hizo, ilinikaza shingo mikono ikawa yatetemeka, hii olanzapini angalau nafanya kazi, naimeza baada ya isha ndio asubuhi nisilemewe na usingizi.