Karela: ikamue, ikaange, na usiifanye kidonge

Karela, ile mboga chungu yenye ganda la matuta, niliijua Jinja, Uganda, kwa jirani yetu bibi wa Kigujarati tuliyemwita Ba. Familia yake ilifukuzwa na Amin mwaka 1972, ikarudi miaka ya tisini. Mara ya kwanza aliponionjesha niliitema. Akacheka: "Mwanangu, ionje mara tatu ndipo uikatae." Ya tatu nikaomba niongezwe.

Wengi huikosea kwa kuipika kama bilinganya. Chagua changa, kijani, ngumu mkononi. Iliyoanza kupiga manjano mbegu zimeshakomaa. Kwangua yale matuta ya ganda, pasua kwa urefu, toa mbegu kwa kijiko, kata vipande vyembamba kama mwezi mwandamo. Tia chumvi, iache nusu saa, kisha ikamue kwa viganja kwa nguvu zako zote. Maji ya kijani yanayochuruzika huondoka na sehemu kubwa ya uchungu. Suuza, kamua tena. Kaanga kwa mafuta ya moto mpaka kingo ziwe kahawia, ndipo uweke vitunguu, manjano na kipande cha sukari guru. Hivyo ndivyo alivyopika Ba. Mimi naacha sukari guru, naimwagia binyebwa (mchuzi wa karanga) dakika tano za mwisho. Karanga hutuliza uchungu bila kuufukuza, na posho, yaani ugali, humaliza kazi. (Wanangu hawaigusi. Sijawalazimisha, nami niliitema.)

Sasa habari ya dawa. Mjomba wangu ana kisukari na anatumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Alipoambiwa msikitini kwamba karela inashusha sukari, akawa kila alfajiri anasaga mbili mbichi kwenye blenda, anakunywa, anameza na kidonge chake, chai ya asubuhi anaisahau. Siku ya nne mkewe alinipigia simu: mzee anatetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Nikamwambia ampe chai yenye sukari nyingi maadamu bado anaweza kumeza, nikaita boda. Kliniki walipopima, sukari ilikuwa bado chini.

Karela kweli ina viini vinavyoweza kushusha sukari. Lakini kidonge kile nacho hulichochea kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Ukiviunganisha tumboni patupu, unavuta kamba ileile kwa mikono miwili. Na usidhani basi karela itoshe peke yake: wataalamu wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, walipopitia tafiti mwaka 2012 hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba inatibu kisukari. Vidonge usiviache, na daktari mwambie unachokunywa, hata kama unaona haya.

Mjamzito aiweke kando, hasa juisi na mbegu. Mbegu zina visini, kemikali ambayo kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu) huweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na upungufu huo si mgeni katika nchi zenye malaria kama yetu. Iliyoiva ikapasuka huonyesha mbegu zenye utando mwekundu mtamu. Watoto huvutiwa nazo, kwa hiyo usiziache zikining'inia uani.

Mjomba siku hizi anakula karela ya binyebwa mchana, pamoja na posho, kipimo cha sukari kikiwa mezani. Blenda mkewe ameificha.