Kuacha tramadoli ukiwa nyumbani: usianze Ijumaa hii

Mkuu, umeuliza mambo mawili: arosto ya vidonge vya maumivu (yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea) inakuwaje, na kama unaweza kutupa tramadoli zako Ijumaa jioni, uteseke wikendi, Jumatatu uwe kazini. Umesema umezimeza zaidi ya mwaka kwa ajili ya mgongo. Mimi nilizitumia muda mrefu baada ya kuvunjika mguu, na arosto naijua kwa njia zote mbili. Kuna kipindi dawa ziliniishia safarini na maduka ya dawa niliyopita hayakuwa nazo. Baadaye niliziacha kabisa, polepole, chini ya daktari. Ni vitu viwili tofauti kabisa, ndiyo maana nakuomba hiyo Ijumaa uiahirishe.

Kwanza piga hesabu ya siku. Tramadoli ya kawaida na ndugu zake, kodeini na mofini, hazikai sana mwilini. Arosto yake huanza ndani ya masaa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida huchukua siku 4 hadi 10. Ukimeza cha mwisho Ijumaa jioni, Jumamosi utapiga miayo, kamasi na machozi vitatoka, utadhani mafua yanakunyemelea. Kilele kitakukuta Jumapili na Jumatatu, yaani asubuhi ile ile unayotaka kuwa kazini. Wikendi haitoshi.

Halafu ujue hayo mateso yanatoka wapi, kwa sababu ukijua utaacha kujiona dhaifu. Dawa hizi hupunguza kasi ya sehemu za ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali inayomfanya mtu awe macho na moyo uende mbio. Ukizimeza kwa muda mrefu, ubongo nao huongeza nguvu ili usizidiwe. Ukiondoa dawa ghafla, unakuwa kama mtu aliyeegemea mlango ukafunguliwa: nguvu yote inamwagika upande mmoja. Moyo unaenda mbio, jasho linatoka huku unatetemeka kwa baridi, vinyweleo vinasimama, mboni za macho zinatanuka. Utumbo, ambao dawa ilikuwa imeutuliza, unaamka na kuanza kuharisha. Huo ni mwili unaofanya kazi yake. Hauhusiani na imani yako wala malezi yako.

Kwangu kuharisha kulivumilika. Kilichonimaliza ni miguu. Usiku nikilala, baada ya dakika chache ndani ya mifupa ya miundi kunakuwa na kitu kisichouma wala kuwasha, ila lazima uutikise mguu. Unautikisa, unatulia kidogo, kinarudi. Shuka limelowa jasho, unalivuta unasikia baridi, unalitupa unasikia joto. Niliishia kukaa sakafuni bafuni, nimeegemea ukuta, namwaga maji ya moto kiasi kwenye miundi kwa kopo, taratibu, kuanzia gotini kushuka. Hapo ndipo miguu ilipotulia, na nikasinzia nikiwa nimekaa. Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza namwambia ahakikishe ana maji ya moto usiku.

Sasa kupunguza, maana hapa ndipo penye jibu lako. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2019 kwamba kuwakatisha ghafla watu waliozoea dawa hizi kumeleta arosto kali, maumivu yasiyoshikika na hata watu kujiua. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2022 unasema aliyetumia mwaka mmoja au zaidi anaweza kupunguza 10% kwa mwezi, au hata polepole zaidi. Aliyetumia wiki au miezi michache anaweza kwenda haraka zaidi. Kama unameza miligramu 400 kwa siku, yaani kapsuli 8 za miligramu 50, hatua ya kwanza ni kuondoa kapsuli moja tu (12.5%, karibu na hiyo 10%), kisha kukaa hapo hadi mwili utulie. Ukizidiwa, unasimama ulipo. Kusimama si kushindwa. Daktari wangu alinisimamisha kwenye dozi moja muda mrefu kuliko nilivyopenda, na alikuwa sahihi.

Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi ni kwamba ugumu uko mwishoni. Kutoka kapsuli 8 hadi 7 ni hatua ndogo, lakini kutoka 2 hadi 1 umekata nusu nzima ya dawa yako, na mwili unahesabu hivyo hivyo. Hapo muulize daktari kuhusu tramadoli ya matone, ambayo inapimika kidogo kidogo, au kurefusha muda kati ya dozi. Na tafadhali, kama vyako ni vile vidonge vinavyoachia dawa taratibu kutwa nzima, usivivunje wala kuvitafuna ili upunguze. Ukivunja, dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo.

Vidonge vyangu alikaa navyo dada yangu. Vilikuwa kwenye mkoba wake, ananipa vya siku asubuhi, basi. Hatukugombana kwa sababu tulikubaliana mapema, nikiwa mzima, kwamba saa tisa usiku nikimbembeleza asinisikilize, na nikizidiwa kweli tunampigia daktari. Tafuta mtu wa namna hiyo. Kuacha ukiwa peke yako chumbani, hakuna anayejua, sikushauri hata kidogo.

Ndani ya nyumba weka ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu. Kunywa kwa mafundo madogo hata kama unatapika. Maumivu ya mwili yanapungua kwa parasetamoli, isizidi gramu 4 kwa siku, na soma boksi vizuri, kwa sababu baadhi ya vidonge vya kodeini na tramadoli vimeshachanganywa na parasetamoli ndani yake. Ukihesabu vibaya unaumiza ini. Kwa kuharisha loperamidi inasaidia, ila usivuke kipimo kilichoandikwa. Kuna watu huimeza kwa wingi wakidhani itakata arosto yote, nayo kwa wingi huo huvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Daktari anaweza kukuandikia klonidini, inayotuliza jasho, mapigo na wasiwasi, ila inashusha presha, kwa hiyo unainuka kitandani polepole. Hiyo usiazime kwa jirani.

Pombe na vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu usivitumie kujitibu. Vikichanganyika na tramadoli iliyobaki mwilini vinaweza kusimamisha pumzi. Na kama tayari unatumia pombe au diazepamu kila siku, usiviache pamoja na tramadoli kwa mkupuo, kwa sababu arosto ya hivyo viwili huleta degedege na inaweza kuua. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Tramadoli nayo ina tabia yake ambayo kodeini haina. Inagusa pia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, kwa hiyo ukiikata ghafla unaweza kupata hofu kali, ganzi na vichomi mikononi, hata kuona au kusikia vitu visivyokuwepo. Kule safarini nilipata hiyo hofu, na ilinitisha kuliko maumivu yote. Ukimeza nyingi kuliko kipimo, au pamoja na baadhi ya dawa za sonona, inaweza kuleta degedege.

Mgongo wako utauma zaidi siku za kupunguza. Mguu wangu ulirudi kuuma pale pale palipovunjika, nikaamini mfupa umeachia tena. Picha ya eksirei ilionyesha uko salama. Sehemu ya maumivu hayo ni arosto yenyewe, na hupungua wiki zikipita. Usingizi na furaha huchelewa kurudi; huenda ukakaa miezi kadhaa unajisikia mkavu tu.

Sasa naomba usome hapa vizuri kuliko kote. Kwa mtu mzima mwenye afya, arosto ya dawa hizi yenyewe mara chache huua. Vifo vingi vinakuja baadaye. Mwili ukishakaa bila dawa, hata kwa siku chache, uvumilivu wake unashuka. Mtu anazidiwa, anarudia dozi yake ya zamani, ile aliyokuwa akiimeza bila shida, na pumzi inasimama usingizini. Kwa hiyo ukishamaliza kupunguza, usihifadhi vidonge vya akiba. Rudisha vilivyobaki kwa mfamasia, na muulize kama ana nalokisoni, dawa inayozima nguvu ya tramadoli na ndugu zake mtu akizidisha. Dada au mkeo ajue dalili: mtu haamki ukimtikisa, anapumua kwa shida au anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa nukta. Apewe nalokisoni kama ipo, alazwe ubavu, na gari la wagonjwa liitwe hapo hapo.

Usisubiri nyumbani kama hata maji hayakai tumboni, kama hujakojoa tangu asubuhi hadi jioni, kama kuna degedege, kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua, au wazo lolote la kujidhuru. Na anayesoma hapa akiwa mjamzito asiache ghafla kabisa, maana mimba inaweza kutoka au uchungu kuanza kabla ya wakati. Kwake yapo matibabu ya methadoni au buprenorfini, dawa za jamii hiyo hiyo zinazozuia arosto, chini ya wataalamu. Hata wewe, kama kupunguza kutakushinda, njia hiyo ipo. Ila buprenorfini haianzwi holela, kwa sababu ukiiwahi kabla arosto haijaanza, inakuletea arosto kali papo hapo.

Ijumaa, badala ya kuvitupa, nenda navyo kwa daktari. Mtajie idadi ya kweli unayomeza kwa siku, pamoja na vile vya kuongezea usiku, na kila dawa nyingine, hata ya kikohozi. Wengi hutaja nusu kwa aibu, na daktari anakupangia kupunguza kutoka kwenye nusu hiyo, halafu unaanza na mkato mkubwa ambao hakuna aliyeukusudia. Kama akikuambia uache siku hiyo hiyo bila mpango wowote, tafuta daktari mwingine kabla vidonge havijaisha.