Anza na risiti za dizeli

Dada, umesema bosi amekupa wiki tatu uandae hesabu ya gesi joto ya kiwanda chenu cha chai, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya anaidai, na wewe mhasibu hujawahi kuigusa. Usiogope, hii ni kazi yako kabisa.

Fungua faili la risiti za dizeli. Jenereta, malori, trekta: andika lita za mwaka mzima, si shilingi, maana bei hupanda na kushuka. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, kwa hiyo lita 10,000 ni kama tani 27. Hesabu hii hugawanywa makundi matatu (Scope 1, 2 na 3), na hilo ni la kwanza: gesi mnazotoa wenyewe. Umeme wa kununua ni la pili. La tatu, yaani gesi za wengine mnaoshirikiana nao, kama mbolea ya wakulima na meli, ni pana. Taja ulichopima na ulichoacha.

Kuni za boila ndizo huwachanganya wengi. Kaboni dioksaidi yake huripotiwa kando, lakini methani na oksidi ya nitrojeni (N2O) huingia kundi la kwanza. Tafadhali usiandike sifuri eti ni miti tu!

Kiwango cha IFRS S2, cha kimataifa cha kuripoti mambo ya tabianchi, kilichotolewa Juni 2023, kinataka pia hatari za tabianchi. Chukua kilo za majani mabichi za miaka ya ukame, uone mapato yalishuka kiasi gani.

Na watu wa masoko wasichapishe "chai isiyochafua mazingira" kabla hujamaliza.