Januari shuleni: maneno kwa wazazi wageni wa Kentucky

Mapumziko ya Krismasi yamekwisha, mabasi ya njano yamerudi barabarani, na mabegi ya watoto yameanza kuleta karatasi nyumbani. Najua karatasi hizo huishia wapi katika nyumba nyingi: juu ya friji, chini ya bili ya umeme. Nimefanya ukalimani katika shule za sekondari za Louisville na Lexington kwa miaka kadhaa, na kila Januari nakutana na mzazi wa aina moja. Ni mtu wa bidii, anapanga mizigo ghalani usiku kucha, anampenda mwanawe kuliko roho yake, na anaamini kwamba kungekuwa na tatizo shule ingemwita. Basi haya nawaandikia ninyi mliofika juzijuzi kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, kutoka Bujumbura au kwingineko, mkiwa na watoto wa darasa la 9 hadi la 12.

Kwetu mtoto hupimwa kwa mtihani wa mwisho. Mtanzania anaujua wa Kidato cha Nne, Mkenya anaijua KCSE, Mkongomani anaijua Exetat. Mtoto mwenye akili anaweza kuzembea mwaka mzima, akakesha miezi michache ya mwisho, akatoka na cheti chake. Hapa mchezo huo haupo. Alama zinaandikwa wiki kwa wiki, kila kazi ya nyumbani, kila jaribio dogo la Ijumaa, na muhula ukifungwa zinaingia kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama zake, hazifutiki. Wilaya nyingi hufunga muhula wa kwanza kabla ya Krismasi au mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo ripoti inayokuja sasa si ya kutazama na kusema "atajitahidi". Nusu ya mwaka imeshaamuliwa.

Kumaliza sekondari Kentucky kunataka krediti 22 kwa uchache, yaani pointi za masomo aliyofaulu, na somo la muhula mmoja kwa kawaida huleta nusu krediti. Mtoto akipata F, yaani kufeli, ya hisabati Desemba, hakuna mtu atakayemchapa wala kumrudisha darasa siku hiyo. Anaendelea na wenzake kama kawaida, anacheka, anavaa vizuri, na ile nusu krediti inabaki pengo. Mapengo mawili matatu yakikusanyika, yanaonekana darasa la 12, familia ikiwa imeshaanza kuulizia ukumbi wa sherehe. Ukiona F kwenye ripoti hii, mpigie simu mshauri wa masomo wa mtoto pale shuleni wiki hii hii, muulize: atalirudia lini? Kuna kulirudia somo kwenye kompyuta shuleni, kuna shule ya kiangazi, na nafasi hizo hujaa. Na kama mtoto alisoma kidato cha pili au cha tatu kambini na karatasi zake unazo, zipeleke kwa msajili wa shule hata kama ni za Kifaransa au Kiswahili. Omba zitathminiwe. Nimeona karatasi zilizochakaa, zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni tangu Kigoma, zikimpunguzia kijana masomo ya kurudia. Lakini shule haiwezi kuziomba kama haijui kuwa unazo.

Sasa namna ya kujua kabla F haijaandikwa. Shule za umma za Kentucky hutumia programu iitwayo Infinite Campus, nayo ina mlango wa wazazi. Nenda ofisini na kitambulisho, omba namba ya kujiandikisha, waombe wakuwekee kwenye simu papo hapo kabla hujaondoka. Usimwachie mtoto akuwekee. Hapo umempa paka ulinzi wa maziwa. Ukishaingia, usitazame tu wastani. Fungua kila somo, utafute kazi ambazo hazikupelekwa, maana hizo ndizo zinazoua. Chukua mtoto aliyepata 90 katika kazi mbili, ya tatu hakuipeleka akapewa sifuri: wastani wake ni 60. Angeipeleka kwa kuchelewa akapewa 50, wastani ungepanda hadi karibu 77. Walimu wengi hupokea kazi iliyochelewa kwa alama pungufu, mradi tu muhula haujafungwa. Watoto wetu wengi wanaofeli hapa wana akili nzuri kabisa. Hawakuwahi kuambiwa kwamba kukaa kimya na kazi mkononi, kwa sababu Kiingereza chao hakikunyooka, ni kuvuna sifuri.

Kuna na upande wa hela, ambao wazazi wengi hawausikii mpaka umeshapita. Jimbo hili lina mfuko wa masomo uitwao KEES, unaolipwa na mapato ya bahati nasibu ya jimbo. Mtoto hajazi fomu yoyote. Kila mwaka wa sekondari wastani wake hutazamwa wenyewe. Akimaliza mwaka na GPA, yaani huo wastani, ya 2.5 amejiwekea dola 125, kwa 3.0 ni dola 250, kwa 4.0 ni dola 500, na kiasi alichojikusanyia hulipwa tena kila mwaka anaokuwa chuoni humu Kentucky. Mwenye 4.0 miaka yote minne ana dola 2,000 zinazomngoja kwa mwaka. Darasa la 9 linahesabiwa sawa na la 12. Yako masharti ya uraia na ukaazi, kwa hiyo mwulize mshauri hati za mtoto zinasemaje, na kama kadi ya kijani inachelewa, ifuatilie.

Vijana wenu GPA hawaijali sana lakini gari wanaijali. Waambieni basi kwamba Kentucky, kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kunyimwa leseni, au kunyang'anywa aliyo nayo, akiwa hakufaulu angalau masomo manne muhula uliopita, au akiwa na siku tisa au zaidi za kukosa shule bila udhuru. Sheria hiyo mimi naipenda. Inafanya kazi ambayo mahubiri ya baba hayaiwezi.

Utoro wenyewe una hesabu kali kuliko tulivyozoea. Siku tatu bila udhuru, au kuchelewa mara tatu bila udhuru, zinatosha kisheria mtoto kuitwa mtoro, na ikiendelea hivyo mzazi anaweza kufikishwa mahakamani. Elimu ni ya lazima mpaka miaka 18. Kosa linaloponza familia zetu wala si utoro wa kwenda kuzurura. Ni binti mkubwa kubakishwa nyumbani ili ampeleke bibi kliniki akamtafsirie, au amwangalie mdogo wake mwenye homa kwa kuwa mama ana zamu. Kwetu huyo ni mtoto mwema, kwenye daftari la shule ni mtoro. Hospitali inapaswa kumpatia bibi mkalimani bila malipo. Wapigieni simu siku ya kuweka miadi, muwaambie lugha. Na mtoto mwenyewe akiugua, peleka karatasi ya daktari, au barua yako kama shule inaipokea, ndani ya siku chache. Kumwambia mwalimu kwa mdomo hakuingii kwenye kompyuta.

Nimetaja ukalimani, basi niseme na hili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ilisema kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha bila kumsaidia ni kumnyima elimu. Kutokana na hayo, wewe mzazi una haki ya kuelezwa mambo ya mwanao kwa lugha unayoielewa, bure. Ukipiga simu ofisini taja tu jina la lugha, "Swahili", kisha subiri. Wataunganisha mkalimani kwenye laini. Kama unaelewa zaidi Kinyarwanda, Kirundi au Kibembe, taja hiyo, usione aibu. Ila usimpe mtoto kazi ya kutafsiri kikao kinachomhusu yeye. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Mwalimu anasema sentensi sita, mtoto anamwambia baba, "Anasema nafanya vizuri."

Niingie kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Wengi wetu kwenye hati tumeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku kamili haikujulikana au karatasi zilipotea njiani. Matokeo yake, asubuhi ya mwaka mpya kuna vijana wengi wa Kiafrika wanaotimiza 18 pamoja. Sheria ya kumbukumbu za elimu, FERPA, ya 1974, inahamisha haki za mzazi kwenda kwa mwanafunzi siku anapotimiza miaka 18. Shule inaweza kuanza kumpelekea barua yeye, kumtaka yeye sahihi, na kuuliza ridhaa yake kabla ya kukuonyesha alama. Usishtuke wala usigombane na karani. Kaa na mwanao, kisha mwende pamoja mkaulize ni fomu gani ataweka sahihi ili uendelee kupata taarifa. Kama unamtaja kwenye fomu ya kodi ya mapato kama tegemezi wako, sheria inairuhusu shule kukupa taarifa hata hivyo, ieleze.

Hatari nyingine ya tarehe hiyo ni kwamba kijana wa 18 halazimishwi tena kusoma, na ghala linaajiri. Anaona baba anachoka, anaona kodi ya nyumba, anasema ataacha shule asaidie. Naelewa uzito wake, sitawahubiria. Lakini jueni kwamba Kentucky kijana ana haki ya kubaki sekondari mpaka atimize miaka 21, na kwamba akiacha mwezi wa pili anaacha na muhula ambao ungempa krediti tatu nzima. Mwambie mshauri wazi kuwa tatizo ni pesa. Mara nyingi ratiba inaweza kupangwa upya ili afanye kazi mchana au wikiendi.

Ya baridi niyapitie haraka. Theluji ikianguka, shule hufungwa au huanza kwa kuchelewa kwa muda wa saa mbili, na ujumbe huja alfajiri kwa simu. Kama umebadilisha laini ya simu tangu Agosti, shule inapigia namba iliyokufa. Peleka namba mpya leo. Wilaya nyingi zina siku za kusoma nyumbani wakati wa theluji, hadi 10 kwa mwaka, na mtoto akikaa bila kufanya kazi alizopewa anahesabiwa hakuwepo. Koti na buti kama hakuna, katika shule nyingi za sekondari kuna kituo cha huduma kwa vijana, kilichotokana na mageuzi ya elimu ya jimbo ya 1990, na makoti ni sehemu ya kazi yao. Jumatatu ya tatu ya Januari ni siku ya Martin Luther King, hakuna masomo. Na aliyetimiza 16 kwa kawaida anahitaji dozi ya pili ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo; angalia kadi yake kabla hujaitwa.

Kati ya Januari na Februari pia watoto wanaojifunza Kiingereza hufanya mtihani uitwao ACCESS: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika, alama 1 hadi 6. Vijana huuona ni wa bure kwa kuwa hauingii kwenye ripoti, wanajibu haraka haraka wakalale. Huo ndio unaoamua kama mwakani atabaki kwenye kipindi cha Kiingereza cha wageni au nafasi hiyo itafunguliwa kwa kemia. Alale mapema, anywe chai, azungumze kwa sauti kwenye kinasa sauti hata kama jirani yake anacheka.

Wiki hizo hizo karatasi ya kuchagua masomo ya mwaka ujao hupita. Isome. Mtoto mgeni huwekwa kwenye masomo mepesi kwa nia njema, akishazoea anakaa humo. Kama alikuwa mkali wa hesabu kule alikotoka, omba apimwe, apandishwe. Uliza pia masomo ya chuo yanayosomwa akiwa bado sekondari, kupitia vyuo vya jamii vya jimbo. Hakuna atakayekasirika kwamba umeuliza. Hapa mzazi anayekaa kimya kwa heshima huonekana kama hana habari na mwanawe.

Wenye mtoto wa darasa la 12, kuna FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo. Kwa kawaida fomu hufunguliwa Oktoba, ni ya bure, na anayekudai pesa kuijaza anakuibia. Msaada mmoja wa jimbo, uitwao CAP, hutolewa mpaka fedha ziishe, kwa hiyo Januari mmeshachelewa kidogo, Aprili mtakuwa mmechelewa kabisa. Mzazi asiye na namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti na kutia sahihi. Aliyeingia kama mkimbizi asijiondoe mwenyewe kwenye foleni. Aende na I-94 yake, ile hati ya kuingia nchini, kwa mshauri, aambiwe na mwenye kujua. Mwulizeni mshauri pia kama mhitimu wenu anatakiwa kufaulu mtihani wa uraia unaochukua maswali ya ule wa kuomba uraia wa Marekani. Kama nawe unajiandaa kuapa, someni pamoja mezani.

Na kama unafanya kazi usiku, usiseme huna muda wa kikao. Omba kikao cha asubuhi, ukitoka zamu, kabla kengele haijalia. Walimu wengi wanakubali. Njoo na kizibao chako cha kazini hivyo hivyo, uwaambie mapema wampigie mkalimani, na uje na maswali mawili tu: anadaiwa kazi gani, na amebakiza krediti ngapi.