Kabla ya kuchagua chuo cha sanaa, kagua karakana zake

Kila msimu wa maombi vijana huniuliza swali lilelile: chuo gani ni bora kwa shahada ya sanaa za ufundi? Nami huwarudishia swali: mikono yako inataka kushika nini kwa miaka mitatu au minne ijayo? Anayetaka udongo na anayetaka rangi za mafuta hawatafuti chuo kimoja, hata kama vyeti vyao vitaandikwa maneno yaleyale. Nimesoma sanaa, nimeifundisha, na nimekaa kwenye meza ya kupokea majalada ya kazi za waombaji, kwa hiyo haya ninayokuandikia, mdogo wangu, nimeyaona pande zote mbili za meza.

Orodha za vyuo bora weka kando kwanza. Nyingi hupima sifa ya chuo kizima na tafiti zinazochapishwa na wahadhiri wake. Hazisemi kama tanuru la ufinyanzi linawaka.

Nenda ukaone mwenyewe, na usiende siku ya kukaribisha wageni. Siku hiyo kila kitu kimefagiliwa na wanafunzi wachangamfu ndio waliopangwa kukutembeza. Nenda siku ya kawaida ya masomo, halafu urudi jioni. Kama karakana zinafungwa pindi vipindi vinapokwisha, uliza kwa nini, maana kazi ya sanaa hufanyika zaidi baada ya kipindi kuliko ndani yake. Uliza pia kama mwanafunzi anapewa eneo lake la kufanyia kazi, na kuanzia mwaka wa ngapi. Swali hili ni la lazima kwa mchoraji. Rangi ya mafuta iliyopakwa nyembamba huchukua siku kadhaa kukauka kwa kuguswa, na iliyopakwa nene yaweza kuchukua wiki nyingi. Asiye na ukuta wa kuegesha turubai lake ataanza kuchora vitu vidogo vinavyokauka haraka, si kwa kupenda bali kwa kukosa pa kuviacha, na baada ya mwaka mmoja atadhani huo ndio mtindo wake.

Mfinyanzi naye aulize habari za foleni. Chombo kinakauka kabisa, kinachomwa mara ya kwanza kwenye joto la nyuzi 1000 hivi, kinapakwa glezi, yaani kimiminika kinachogeuka utando mgumu kama kioo kikichomwa, kisha kinachomwa tena, na kwa udongo wa kuhimili joto kali nyuzi hufika 1200 hadi 1300. Unajifunza glezi pale tu tanuru linapofunguliwa na ukaona ilivyotoka. Ikiwa chuo kina tanuru moja na kazi yako inasubiri wiki kadhaa kuingia, basi muhula mzima utapata nafasi chache mno za kuona na kurekebisha. Chuo chenye matanuru mawili madogo yanayowaka kila wiki kitakufundisha zaidi ya chenye moja kubwa la fahari linalowashwa mara moja moja.

Mtafute fundi wa karakana. Huyu ndiye mtu ambaye vipeperushi vya vyuo humsahau, na kwa maoni yangu ndiye kipimo cha haraka kuliko vyote. Mhadhiri atakueleza kwa nini sanamu yako haisimami kama wazo. Fundi atakuonyesha kwa nini haisimami kabisa. Zungumza naye. Muulize mashine ipi imekufa na imekaa hivyo tangu lini, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kugusa nini. Karakana yenye mashine za gharama na isiyo na fundi ni ghala.

Ukiwa humo, tazama usalama wa mapafu yako. Vumbi la udongo mkavu lina silika, na kulivuta kwa miaka huharibu mapafu, ndiyo maana wafinyanzi wanaojua kazi hawafagii kwa ufagio mkavu, hupiga deki. Kwenye chumba cha uchapaji wa picha, ambako asidi hutumika kuchimba mabamba ya chuma, angalia trei za asidi ziko wapi na kama kuna feni ya kunyonya hewa juu yake. Kwenye uchoraji angalia matambara yenye mafuta ya kitani yanatupwa wapi: yakirundikwa yanaweza kupata joto na kushika moto yenyewe, kwa hiyo panapaswa kuwa na pipa la chuma lenye mfuniko. Chuo kisichojali matambara hakitakujali na wewe, na hapo sibahatishi.

Baada ya karakana, tafuta kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nenda kwenye maonyesho yao, au tazama picha za maonyesho ya miaka mitatu minne mfululizo. Usitafute kazi nzuri kuliko zote, kwani kila chuo hupata kijana mmoja mwenye kipaji ambaye angefika popote. Tazama kazi za wale wa katikati. Je, wanajua kumaliza kitu? Je, kazi za watu ishirini zinaonekana kama zimetoka kwenye mkono mmoja? Zikifanana zote, na zote zikifanana na za mwalimu wao, jua kinachofundishwa hapo ni kumwiga yeye.

Hilo halina maana kwamba mwalimu mwenye msimamo mkali ni hatari. Mwaka 1976 Bernd Becher alianza kufundisha upigaji picha katika akademia ya sanaa ya Düsseldorf. Yeye na mkewe Hilla walikuwa wakipiga picha za minara ya maji na majengo ya viwanda, nyeusi na nyeupe, kwa utulivu uleule kila mara. Kutoka darasa hilo walitoka wapiga picha Candida Höfer, Thomas Struth na Andreas Gursky. Nidhamu ya mwalimu inaonekana kwao wote, lakini picha kubwa za rangi za Gursky huwezi kuzichanganya na za Becher. Mwalimu wa namna hiyo ukimpata, mfuate hata kama jengo lake linavuja.

Katika akademia nyingi za Ujerumani ndivyo mfumo wenyewe ulivyo: unajiunga na darasa la profesa mmoja na kukaa naye kwa miaka, hivyo kuchagua chuo ni kuchagua mtu. Uingereza wengi hupita kwanza mwaka wa msingi, wa kujaribu kila nyenzo, ndipo waingie shahada ya miaka mitatu. Marekani shahada ni ya miaka minne, na hapo soma jina lake kwa makini: BFA, shahada ya sanaa yenyewe, hutumia takriban theluthi mbili za masomo kwenye studio na historia ya sanaa, ilhali BA, shahada ya masomo mapana, hutumia karibu theluthi moja na kukuachia nafasi ya masomo mengine. Mwenye hamu ya falsafa au kemia pamoja na uchongaji asiione BA kuwa shahada ya walioshindwa.

Omba ukae nyuma kwenye kikao kimoja cha uhakiki, pale wanafunzi wanapotundika kazi na kuzungumziwa. Sikiliza nani anaongea. Kama ni mwalimu peke yake, na maneno yake ni napenda na sipendi, mwanafunzi anatoka na alama tu, bila cha kwenda nacho studio kesho yake. Uhakiki mzuri hukaa kwenye kitu chenyewe: jicho linaingia wapi, kwa nini kona ile imekufa, ingekuwaje kama ingekuwa kubwa mara tatu. Uliza pia ni nani hasa hufundisha mwaka wa kwanza, kwa sababu majina makubwa kwenye tovuti mara nyingi hufundisha wanafunzi wa uzamili tu.

Wenzako utakaosoma nao ni nusu ya elimu. Mwaka 1958 wanafunzi wa chuo cha Zaria, Nigeria, wakiwemo Uche Okeke, Demas Nwoko, Bruce Onobrakpeya na Yusuf Grillo, waliunda chama chao kwa kuona mafunzo waliyopewa yameelemea Ulaya, wakaamua kuyachanganya na sanaa za kwao. Mwaka 1988 msanii Damien Hirst, angali mwanafunzi wa chuo cha Goldsmiths, London, aliongoza wenzake kuandaa maonyesho kwenye jengo tupu la bandarini jijini humo. Hakuna mtaala uliowaagiza. Ukitembelea chuo, tazama kama wanafunzi wanaingia studio za wenzao bila kuitwa.

Kuhusu ithibati, hakikisha chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi husika kabla hujalipa chochote. Kuhusu ada, uliza gharama ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza, na kama rangi, udongo, karatasi na uchomaji vimo ndani yake. Sera hubadilika: chuo cha Cooper Union cha New York, kilichosifika kwa miongo mingi kwa kusomesha bila ada, kilianza kuwatoza wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 2014. Na mkopo mkubwa kwa ajili ya jina la chuo siushauri, kwani miaka ya mwanzo baada ya kuhitimu ndiyo msanii anapohitaji muda wa kufanya kazi yake.

Ukibaki na vyuo viwili vinavyolingana, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kila kimoja. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya ugeni, na wa mwisho ana haraka ya kumaliza. Muulize wa pili alitengeneza nini muhula uliopita, alikitengenezea wapi, na ni nani alisimama naye mbele ya kazi hiyo kabla haijaisha.