Sungura wanamaliza kunde, wazee walikuwa wanawategaje?

Mkuu pole sana na hizo kunde, najua inavyouma kuamka asubuhi unakuta miche imekatwa kama kwa wembe. Umeuliza wazee walikuwa wanategaje, babu yangu alianza na kutafuta njia, maana sungura pori hachimbi shimo, mchana analala tu kwenye majani marefu afu usiku anapita njia ileile, utaona majani yamelala na vinyesi vidogo vya duara. Hapo babu anachomeka ufito mbichi, anaupinda, anafunga kamba ya katani yenye kitanzi cha upana wa ngumi, juu ya ardhi kama vidole vinne, na kijiti kidogo cha kuushikilia, sungura akikigusa tu ufito unafyatuka. Pembeni anaweka miiba ili asikwepe. Wengine walienda na mbwa na rungu.

Ila usitege kwanza! Sheria ya Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 inataka kibali hata kwa sungura, na kitanzi hakichagui, kinanasa hadi mbwa wa jirani akateseka usiku kucha. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, afu zungushia shamba matawi ya miiba, yabane kabisa mpaka chini.