Kuchagua desktopu ya Linux isiyokusumbua

Tangu Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za mtumba zimebaki njia panda. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, ilhali ThinkPad T450, Latitude E7450 na EliteBook 840 G2 ni za kizazi cha 5. Kwa Linux mashine hizo bado zina miaka ya kazi mbele yao. Kinachowakwamisha watu ni hatua inayofuata: desktopu, yaani menyu, paneli na madirisha unayofanyia kazi, ziko nyingi (Xfce, MATE, Cinnamon, LXQt, GNOME, Plasma), na kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Ushauri huu ni wa mwenye kompyuta ya kazi: steshenari inayochapa na kuskani kutwa nzima, ofisi ndogo, mwanafunzi mwenye tasnifu. Anayependa kubadili mwonekano kila wikendi ana haja nyingine, na ataridhika na chochote.

Kwanza tuelewane kuhusu neno utulivu, maana lina sura mbili. Ya kwanza ni kompyuta kutoganda wala kufunga programu ovyo. Ya pili ni kutobadilika: ulipobonyeza leo, ukibonyeza palepale baada ya miaka miwili kinatokea kilekile. Debian wanapoliita toleo lao "stable" wanamaanisha hii ya pili. Ukizichanganya utakimbilia toleo jipya kabisa ukidhani ndilo lenye hitilafu chache. Toleo lililozeeka kidogo lina hitilafu zake pia, ila zinajulikana, na dawa zake zinajulikana. La jipya utazigundua wewe, saa tatu asubuhi, wateja wamepanga foleni.

Kwa hiyo usichague desktopu peke yake. Chagua desktopu pamoja na distro itakayokuletea, yaani mkusanyiko wa Linux kama Debian, Ubuntu au Mint. Mfano mzuri ni Plasma ya KDE. Plasma 6 ilitoka tarehe 28 Februari 2024. Aliyekuwa na Arch, distro inayosasishwa mfululizo, aliipata mapema na mikwaruzo yake yote. Aliyekuwa na Debian 12 alibaki na 5.27, iliyokwisha kusafishwa kwa muda mrefu, na mwenye Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, amepewa 6.3. Jina ni moja, lakini watu hao watatu wametumia vitu tofauti. Sifa mbaya ya KDE kwamba haitulii ilianzia kwenye 4.0 ya Januari 2008, ambayo kweli ilitoka mbichi, na bado watu wanaihukumu kwa kosa hilo.

Angalia pia muda wa matunzo, kwa sababu hapo kuna mtego. Ubuntu 24.04 ya kawaida inatunzwa miaka 5, lakini Xubuntu, Kubuntu, Lubuntu na Ubuntu MATE za 24.04 zinatunzwa miaka 3 tu, hadi Aprili 2027. Linux Mint 22 inakwenda hadi 2029, iwe na Cinnamon, MATE au Xfce. Debian inapata miaka 3 kamili, kisha 2 ya matunzo ya muda mrefu. Anayetaka Xfce na hataki kuhamahama, Mint au Debian inamfaa kuliko Xubuntu. Na kwa anayenunua bando, Debian ina faida nyingine: ikishatulia, masasisho yake ni machache, mengi ya usalama, wakati distro zinazosasishwa mfululizo zinaweza kumeza mamia ya megabaiti kwa mkupuo.

Suala la RAM linapigiwa kelele kuliko linavyostahili. Ukiwa na GB 8, lisikuamulie. Ukiwa na GB 4, Xfce, MATE na LXQt zitakupa nafasi ya kupumua, Cinnamon na Plasma zinawezekana, na GNOME itakubana. Pima mwenyewe badala ya kuamini picha za mtandaoni: washa kompyuta, ingia, subiri dakika tatu bila kugusa kitu, kisha andika `free -h` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Soma safu ya "available", usisome "free", kwa sababu Linux hutumia RAM iliyo bure kuhifadhi faili za karibuni na huiachia ikihitajika. Halafu fungua Firefox na kurasa zako za kila siku, upime tena. Mara nyingi utakuta tofauti kati ya desktopu mbili ni ndogo kuliko kurasa nne tano za mitandao ya kijamii. GB 2 ni kesi nyingine: weka LXQt, na usitarajie makubwa kwenye mtandao.

Swali ambalo watu hawaliulizi, na ndilo zito kuliko yote, ni hili: ikianguka, inaanguka na nini?

Xfce imegawanyika vipande. Kuna `xfwm4` inayopanga madirisha, `xfce4-panel` inayochora paneli, `xfdesktop` inayoshika picha ya nyuma na ikoni, na `xfce4-session` inayoziangalia zote. Kila moja ni programu yake. Jaribu ukiwa umefungua barua ambayo umeshaihifadhi: andika `killall xfwm4`. Vichwa vya madirisha vitatoweka, pamoja na vitufe vya kufungia, na barua yako itabaki palepale kwenye skrini, nzima. Kwa kawaida `xfce4-session` humrudisha aliyekufa papo hapo. Asiporudi, na kibodi nayo ikawa haisikii, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, uandike:

`DISPLAY=:0 xfwm4 --replace &`

Rudi kwa Ctrl+Alt+F7. Paneli ikiganda, `xfce4-panel -r` inaiwasha upya. Kazi ya mteja haijapotea.

GNOME kwenye Wayland (mfumo mpya wa kuchora skrini; wa zamani ni X11) ni kinyume. `gnome-shell` ndiyo paneli, ndiyo menyu, ndiyo mpangaji wa madirisha, na ndiyo seva ya skrini yenyewe. Ikifa, unarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia na kila ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda. Haifi mara kwa mara; GNOME tupu, bila nyongeza, ni tulivu sana. Tatizo ni kwamba watu wachache huitumia tupu. Nyongeza zinaendeshwa ndani ya `gnome-shell` hiyohiyo, kwa hiyo moja iliyoandikwa vibaya inagandisha kompyuta nzima. Tena kila nyongeza hutaja inakubali matoleo gani, na GNOME hutoa toleo jipya kila Machi na Septemba. GNOME 45 ya Septemba 2023 ilibadilisha namna ya kuandika nyongeza, ikabidi zote zirekebishwe. Kama huwezi kuishi bila nyongeza tano ili GNOME ifanane na Windows, basi unachokitaka ni Cinnamon. Ichukue na uachane na mieleka hiyo. Na kama tayari umekwama, terminali ya Ctrl+Alt+F3 inazizima zote:

`gsettings set org.gnome.shell disable-user-extensions true`

Plasma iko katikati. Paneli yake, `plasmashell`, imetengana na KWin inayopanga madirisha, kwa hiyo paneli ikiganda unaandika `systemctl --user restart plasma-plasmashell` na kuendelea. KWin ikianguka kwenye Wayland, tangu Plasma 6 programu zilizojengwa kwa Qt 6 (Qt na GTK ni zana za kujengea programu) zinaweza kubaki hai zikisubiri irudi. Firefox na zile za GTK hufungwa.

MATE ilizaliwa 2011 ili kuendeleza GNOME 2, na ni tulivu kwa sababu haiendi mbio. Aliyezoea menyu tatu za juu hatajuta. Kati yake na Xfce ni suala la jicho tu.

Sasa kadi ya picha, kwa sababu lawama nyingi zinazotupiwa desktopu ni za draiva. Andika `lspci -k | grep -A3 -E "VGA|3D"` uone unayo ipi na inatumia draiva gani. Intel na AMD hazina shida, Wayland au X11. NVIDIA ya zamani ndiyo ya kuchunga: kadi za kizazi cha Kepler ziliishia kwenye draiva 470, kwa hiyo bakia X11, yaani Xfce, MATE au Cinnamon, ukitumia nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA. Kama laptopu ina Intel na NVIDIA pamoja, na wewe huchezi magemu, zima NVIDIA kwenye BIOS pale inapowezekana. Upande wa pili, ukiwa na skrini ya 4K pamoja na projekta ya kawaida, Xfce itakuchosha, maana haiwezi kuipa kila skrini kipimo chake cha ukubwa wa maandishi. Hapo Plasma au GNOME ya Wayland ndiyo jibu, hata kama umeipenda Xfce kiasi gani.

Kabla ya kusakinisha, choma distro kwenye flashi ya GB 8, uiwashe kutoka hapo na uitese kwa saa moja. Funga mfuniko wa laptopu ilale, uamshe, mara tano. Chomeka HDMI, uchomoe, uchomeke tena. Cheza video skrini nzima uangalie kama picha inakatika mstari katikati. Funga skrini kwa nywila. Chapa ukurasa mmoja. Kisha soma malalamiko ya mfumo wenyewe:

`journalctl -b -p err`

Mistari michache ya ACPI (usimamizi wa umeme) ni kawaida kwa laptopu za zamani. Mistari yenye jina la draiva ya picha, `i915`, `amdgpu` au `nouveau`, inayojirudia kila unapoiamsha, ni onyo. Ukiyaona hayo jaribu distro yenye kaneli (kiini cha Linux) tofauti kabla ya kubadili desktopu.

Kwa laptopu ya GB 4, nafasi ya kwanza tunaipa Debian 13 na Xfce. Wakati wa kusakinisha, acha nywila ya root (msimamizi mkuu) tupu. Ukiijaza, jina lako halitapewa `sudo` (ruhusa ya kutoa amri za msimamizi), na nusu ya maelekezo ya mtandaoni yatakukatalia. Kwenye ukurasa wa kuchagua programu, ondoa alama ya GNOME, weka ya Xfce. Ukisahau, utapata GNOME, maana ndiyo chaguo lao la kawaida. Mashine za biti 32 hazina kisakinishi cha Debian 13. Hizo mwisho wake ni 12.

Baada ya hapo kuna mambo mawili ya RAM. Debian 13 inaiweka `/tmp` ndani ya RAM na kuiruhusu ifike nusu yake. Programu ikiandika faili kubwa humo, GB 4 zako zinageuka GB 2 bila wewe kujua. Irudishe kwenye diski kwa `sudo systemctl mask tmp.mount`, kisha washa kompyuta upya. La pili, `sudo apt install zram-tools`, fungua `/etc/default/zramswap`, andika `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, halafu `sudo systemctl restart zramswap`. RAM iliyojaa itabanwa badala ya kumwagwa kwenye diski, na ile hali ya panya kuruka ruka kompyuta ikielemewa itapungua sana.

Video ikikatika mstari, jaribu `xfwm4 --replace --vblank=glx &`. Ikitulia, ifanye ya kudumu: `xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -s glx`. Skrini ikibaki nyeusi baada ya kuamka, bonyeza Ctrl+Alt+F7. Ikirudi, mkosaji huwa ni `light-locker`, programu ya kufunga skrini. Sakinisha `xfce4-screensaver` na uifute hiyo.

Usisakinishe Xfce juu ya GNOME kwenye akaunti ileile ukitarajia usafi. Utapata programu mbili za kila kitu, na mipangilio ya moja kuvuruga ya nyingine. Kama ni kujaribu, tengeneza mtumiaji mwingine kwa `sudo adduser majaribio`, umjaribie huko.

Umeme ukikatika ghafla kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, diski ya ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux) kwa kawaida hujirekebisha, lakini faili ndogo za mipangilio zilizokuwa zikiandikwa zinaweza kuharibika. Ukiwasha Xfce na paneli hakuna, ingia terminali ya Ctrl+Alt+F3 ufute vipindi vilivyohifadhiwa: `rm -rf ~/.cache/sessions`. Kwenye mipangilio ya kipindi, ondoa kabisa alama ya kuhifadhi kipindi unapotoka. Inaleta shida kuliko faida. Ukiandika nywila sahihi na ukurasa wa kuingia ukarudi tena, usikimbilie kusakinisha upya. Tazama `df -h`: diski iliyojaa asilimia 100 inatosha kusababisha hilo, na `sudo apt clean` pamoja na `sudo journalctl --vacuum-size=100M` zitakupa pa kuanzia. Kama nafasi ipo, tazama `ls -l ~/.Xauthority`. Ukikuta ni mali ya root, mtu aliwasha programu ya madirisha kwa `sudo`. Amri `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority` inamaliza.

Siku paneli na mafonti vimekaa unavyotaka, piga nakala: `cp -a ~/.config/xfce4 ~/xfce4-nzima`. Kuirudisha kuna siri moja. Ukiinakili ukiwa ndani ya Xfce, `xfconfd` inayoshikilia mipangilio kwenye RAM itaandika ile mbovu juu yake. Toka kwanza hadi ukurasa wa kuingia, nenda Ctrl+Alt+F3, na uhakikishe kwa `pgrep xfconfd` kwamba haipo. Ikiwapo, `killall xfconfd`. Kisha `mv ~/.config/xfce4 ~/xfce4-mbovu` na `cp -a ~/xfce4-nzima ~/.config/xfce4`, ndipo uingie.